"Senior" ni Mkubwa wa Nani?

Sidhani kama kuna neno la Kiingereza linalotumiwa vibaya katika shule zetu za bweni kuliko "senior". Mwanafunzi akisha kujiita hivyo, mgeni hana budi kumfulia soksi, kumtandikia kitanda na kumkabidhi sukari aliyotoka nayo kwao.

Asili ya neno lenyewe haimpi mtu haki hiyo. Katika Kilatini "senex" ni mzee, na "senior" ni aliye mzee kuliko mwenzake. Lilikuwa neno la kulinganisha tu. Ukiitwa hivyo yafaa uulizwe, kuliko nani? Kupitia Kifaransa lilifika Uingereza na kuzaa "sir", kwa hiyo mwanafunzi amwamkiaye mwalimu kwa neno hilo humwita mzee pasipo kujua. Seneti nayo ni ya mzizi huo huo, yaani baraza la wazee, ingawa Katiba ya mwaka 2010 haimdai seneta wetu mvi.

Watanzania husema mhadhiri mwandamizi. Nalipenda sana neno hili, maana kuandama ni kufuata: hata mkubwa ana aliyemtangulia.

Wazee wa hapa Sigor (ya Chepalungu, kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi) walilijua jambo hili kabla ya Kiingereza kufika. Rika la Mkipsigis, ibinda, lina jina: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na mengineyo, na majina hayo huzunguka yakarudi kwa vitukuu. Mtu huwa mkubwa kwa rika lililomfuata na mdogo kwa lililomtangulia, siku ile ile moja. Najua watetezi wa uonevu watasema kwamba hata jandoni vijana walitaabishwa. Ni kweli. Lakini jandoni alikuwapo motiriot, mlezi aliyewafunza vijana na kuwajibika kwa wazazi wao. Bwenini, taa zikisha kuzimwa, nani anawajibika?

Januari 2026 shule hizi zilipokea Gredi ya 10 ya kwanza, vidato vya tatu na vya nne vikiwa bado vipo, nayo Serikali ikaziita kwa Kiingereza "senior school". Basi mtoto aliyeripoti juzi na godoro lake kichwani ni "senior" kwa jina la shule yenyewe! Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, wala haikumwachia mwenye kidato cha juu mwanya.

Walimu wenzangu, yafaa mwalimu wa zamu apite bwenini usiku, asisubiri malalamiko, kwani mgeni aliyetishwa halalamiki. Na kila ajiitaye "senior" aulizwe swali moja tu: hiyo sukari iliyomo sandukuni mwako ni ya nani?