Kipande na Kadi: Mtu Hapimwi kwa Michango Yake

Suala la michango limekuwa mjadala mkubwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na hapa Old Korogwe nalo linazungumzwa. Mwamini anapofariki dunia, mara nyingi watu huanza kwa kuulizia kadi yake. Je, alilipa zaka? Alihudhuria Jumuiya? Alichangia misiba ya wenzake? Maswali hayo yana sababu zake, nazo si za kubezwa. Hata hivyo, nyuma yake liko swali zito zaidi: mwanadamu ni nani mbele ya jamii yake? Je, thamani yake hutokana na kile anachotoa, au yeye ana thamani hata kabla hajatoa chochote?

Funzo la mashamba ya mkonge

Sisi wa Korogwe tunayo historia inayotusaidia kulijibu swali hili. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kufikia Uhuru, mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa uzalishaji wa zao hilo, na mashamba kama Magunga na Hale yalikuwa yameubadilisha kabisa uso wa bonde letu. Mashamba hayo yalihitaji nguvukazi kubwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikawaleta watu kutoka Songea, Rungwe, Kigoma na hata nchi jirani.

Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba aliyopewa. Kazi yake iliwekwa alama katika kipande, mpaka zitimie siku thelathini. Asiyemaliza kazi aliyopangiwa hakupata alama, na siku yake ikahesabiwa kana kwamba hakuwapo. Kuweka hesabu si dhambi. Kila kazi ya pamoja inaihitaji. Ubaya ulianza pale ambapo kipande kilichukua nafasi ya mtu. Baba wa familia, mwenye ukoo, lugha na sala zake, akawa tarakimu katika daftari la mwajiri.

Lakini manamba wenyewe hawakukubali kubaki tarakimu. Mbali na koo zao, waliutumia utani wa makabila kujenga undugu mpya. Mtu alipofia kambini, watani wake ndio waliosimamia maziko. Hawakuuliza marehemu alikuwa na alama ngapi katika kipande chake. Walimzika kwa sababu alikuwa mtani wao. Mahali ambapo mfumo wa kazi ulimwona kibarua, wao walimwona mtu mwenye jina.

Mafundisho ya Kanisa

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, wanafundisha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba utaratibu wa jamii unapaswa kumtumikia mwanadamu, wala si mwanadamu kuutumikia utaratibu (na. 26). La pili ni kwamba mwanadamu hawezi kujipata kikamilifu isipokuwa kwa kujitoa kwa wengine (na. 24). Anayelisahau la kwanza huwageuza watu kuwa namba. Anayelisahau la pili huishi kama kisiwa.

Liturujia yetu inalieleza jambo hili kwa namna iliyo wazi. Wazazi wanapomleta mtoto kubatizwa, Kanisa huwauliza kwanza jina lake. Mtoto huyo hajafanya kazi wala hajachangia chochote, lakini anapokewa kwa jina. Uhai wetu wote wa Kikristo unaanzia katika kupokewa. Kutoa kunafuata, kama shukrani.

Je, Kanisa liseme nini siku ya maziko? Sheria ya Kanisa inatamka kwamba waamini wanastahili maziko ya Kikanisa (kanuni 1176), na inaagiza maskini wasinyimwe maziko ya heshima (kanuni 1181). Wanaoweza kunyimwa wametajwa katika kanuni 1184, kama vile walioiasi imani hadharani bila kuonesha toba. Kutolipa michango hakumo katika orodha hiyo.

Wajibu haufutwi

Mtu asiyatumie maneno haya kama kichaka cha kujifichia. Waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa (kanuni 222), na Mtume Paulo aliwakemea Wathesalonike waliokula jasho la wengine huku wao hawataki kufanya kazi. Wapo wenye uwezo wanaoikimbia Jumuiya mwaka mzima na kuikumbuka siku ya msiba tu. Hao wanaidhulumu Jumuiya na kujidhulumu wenyewe, kwa maana wanajinyima nafasi ya kukua katika kujitoa. Waonywe kidugu wangali hai, kwani jeneza haliwezi kuonywa, na adhabu inayotolewa kaburini humwangukia mjane na yatima.

Lakini wapo pia wasioonekana kwa sababu ya aibu. Siku hizi orodha ya michango, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja, hutumwa katika makundi ya simu. Mama anayeuza maandazi, kijana anayepeleka hesabu ya bodaboda kwa tajiri wake na mzee aliyebaki peke yake katika kambi ya zamani ya mkonge, kila mmoja husoma orodha hiyo na kujiona hana nafasi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wakristo tunapaswa kuwa wa kwanza kuukanusha msemo huo kwa matendo.

Tufanye nini?

Kwanza, daftari la Jumuiya litumike kumtafuta ndugu. Jina lisilo na alama kwa miezi mitatu liwe ishara kwamba kuna nyumba ya kutembelewa. Pili, kila Jumuiya itenge sehemu ya michango kwa ajili ya wasioweza kuchanga, bila kuwatangaza. Tatu, mchango usihesabiwe kwa fedha pekee: anayechimba kaburi, anayeteka maji msibani na anayekesha na mgonjwa wametoa sadaka ya kweli. Nne, mashaka kuhusu maziko ya mwamini yapelekwe kwa paroko, yasiamuliwe kwa kuangalia kadi.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za nduguye, hakutaka kujua Abeli alikuwa ametoa kiasi gani. Alitaka kujua yuko wapi. Jumuiya zetu zitakapokutana juma hili, viongozi wafungue daftari kwa swali hilohilo: ni nani hayupo kati yetu, na nani ataongozana nami kwenda kumwona?