Labo iwaambie wagonjwa pia kwamba kipimo kinaweza kukosea

Himbi, Goma – Mgonjwa anatoka kituo cha afya na karatasi ndogo mkononi. Imeandikwa neno moja: négatif. Anarudi nyumbani, analala na watoto kwenye godoro moja. Siku tatu baadaye anaitwa tena, anaambiwa ana ugonjwa. Avenyu nzima inasema: labo imedanganya.

Mara nyingi labo haikudanganya. Kosa ni kwamba hakuna aliyemweleza maana ya neno lile moja.

Wakaaji wa Goma wanakumbuka Julai 2019, Ebola ilipothibitishwa mjini kwa mara ya kwanza. Kanuni ilikuwa hii: mtu akipimwa kabla ya masaa 72 tangu dalili zianze, na virusi visionekane, sharti apimwe tena baada ya masaa hayo kupita. Siku za kwanza virusi vinaweza kuwa vichache mno ndani ya damu, mashini isivione. Lakini familia iliyosikia "hana kitu", kisha ikaona ndugu yao bado anazuiliwa, ingeelewa nini? Maneno ya "Ebola ni biashara" yalipata nafasi katika ukimya kama huo.

Mwaka 2024 mpox iliingia katika kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji. Ugonjwa huu hupimwa vizuri zaidi kwa majimaji au magamba ya vipele. Sampuli ikiwa kidogo mno, au ikihifadhiwa vibaya njiani, jibu linaweza kupotea kabla ya kufika labo. Tena aina mpya ya virusi iliyogunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, ilikuwa imepoteza kipande cha jeni ambacho kipimo kimoja kilikitegemea. Watafiti wakaonya kwamba kipimo hicho peke yake kingeweza kuipita bila kuiona, hata mashini ikiwa nzima kabisa.

Wako wanaosema raia wakiambiwa kwamba kipimo kinaweza kukosea, watakataa kupimwa. Yaliyotokea hapa yanaonyesha kinyume. Mtu aliyeonywa mapema kwamba huenda akapimwa mara mbili hashangai akiitwa tena. Anayeshangaa, na kukasirika, ni yule aliyepewa neno moja kama hukumu ya mwisho.

Wanaoumia zaidi ni wahame. Leo mama amelala kwa ndugu zake Himbi, wiki ijayo yuko kwingine, na simu haina moto. Huyo hawezi kutafutwa baadaye. Aelezwe yote siku ileile ya kwanza, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha karatasi.

Kwa hiyo vituo vya afya na mashirika yanayovisaidia viongeze mambo matatu chini ya kila jibu: kilitafutwa nini, sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, na mgonjwa arudi lini hata kama anajisikia vizuri. Kazi hiyo haihitaji mashini mpya wala pesa nyingi. Inahitaji dakika tano za muuguzi.

Na wewe msikilizaji, ukipewa karatasi hiyo, usiondoke kwanza. Uliza: "Je, nirudi kupimwa tena?"