'Bomu la haidrojeni' la China: Si nyuklia, ila si la kupuuza

Aprili 2025 habari zilisambaa mitandaoni kwamba China imelipua "bomu la haidrojeni". Waliosoma kichwa cha habari na kupita walielewa neno moja tu: nyuklia. Hapana, siyo.

Bomu la haidrojeni la nyuklia hupata nguvu zake pale viini vya atomu vinapoungana. Kilicholipuliwa China ni moto wa kawaida wa kikemia, ila mkali mno. Kwa mujibu wa gazeti la South China Morning Post la Hong Kong, kifaa hicho kilikuwa na uzito wa kilo 2 na kilitumia haidraidi ya magnesiamu, yaani metali ya magnesiamu iliyoshikana na haidrojeni.

Kemikali hii haikuanzia jeshini. Kwa miaka mingi wanasayansi wameichunguza kama ghala la nishati safi: kilo 100 zake hubeba takriban kilo 7.6 za haidrojeni, tena bila mtungi mzito wa kushindilia gesi. Tatizo ni kwamba haiachii gesi hiyo kirahisi. Inahitaji joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi.

Kwa gari, hiyo ni kero. Kwa bomu, wala si shida. Baruti ikilipuka huisaga kuwa chembe ndogo sana, joto linaifungua gesi, gesi inachanganyika na hewa na kuwaka, kisha moto huohuo unafungua gesi nyingine.

Ripoti inasema moto ulivuka nyuzi 1,000 na kudumu zaidi ya sekunde 2, mara 15 ya muda wa baruti ya TNT ya kiasi kinacholingana. Namba ambayo wengi hawakuisambaza ni hii: umbali wa mita 2, msukumo wa mlipuko ulikuwa karibu asilimia 40 tu ya ule wa TNT. Kwa hiyo hili si bomu la kufuta mji. Ni silaha ya kuunguza, na mikataba ya nyuklia haiigusi.

Mwaka huohuo iliripotiwa kuwa kiwanda cha jimbo la Shaanxi kinaweza kuzalisha tani 150 za kemikali hii kwa mwaka. Mzigo huo unaweza kuhifadhi nishati ya jua na upepo, au kuishia kwa watengeneza silaha. Mkaguzi akilifungua pipa, atakuta kitu kilekile.