UKURASA WA NYUMBANI: Chupa ya Maziwa na Msokoto wa Tumbo la Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hana lugha nyingine ila kilio. Kwa kilio huomba maziwa, kwa kilio hueleza kuwa amelowa, na kwa kilio hulalamikia joto, baridi na upweke. Lakini kipo kilio kimoja kinachowatia wazazi fadhaa kuliko vyote: kile kinachoanza jioni jua linapotua, mtoto akikunja magoti hadi tumboni na kukaza ngumi, asitulizwe kwa titi wala kwa chupa. Katika nyumba za kambi, ambako ukuta mmoja hutenganisha jamaa mbili, kilio hicho humwamsha jirani aliyetoka lindo, na mama huona haya kana kwamba ametenda kosa. Wala hakutenda kosa lolote.

Hali hiyo ndiyo msokoto wa tumbo, ambao wengi huuita mchango. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani, Morris Wessel, alitoa kipimo kilichotumika tangu hapo: mtoto mwenye afya njema anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 katika juma, kwa zaidi ya majuma 3. Kwa kawaida msokoto huanza katika majuma ya mwanzo ya maisha, hufikia kilele karibu na juma la 6, na hutoweka wenyewe mtoto afikapo mwezi wa 3 au wa 4. Huwapata wanyonyao titi na wanyweshwao chupa vilevile. Hata hivyo, chupa iliyoshikwa vibaya humfanya mtoto ameze hewa nyingi na kuongeza adha yake. Na chupa isiyo safi huleta jambo baya kupita msokoto, nalo ni kuhara.

TITI KWANZA

Yafaa ikumbukwe kwamba maziwa ya mama ndiyo chakula kamili cha miezi 6 ya kwanza, pasipo kuongezwa hata tone la maji. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye, akiwa anameza dawa zake kila siku kama alivyoagizwa, hushauriwa na Shirika la Afya Duniani kunyonyesha, akiongozwa na watumishi wa zahanati. Askari wa kike anayerejea kazini aweza kukamua maziwa yake katika chombo safi chenye kifuniko. Yatadumu kwa muda wa saa 4 katika chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 25, au siku 4 ndani ya jokofu.

Onyo juu ya maziwa ya kopo si jipya. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams alitamka hadharani kwamba vifo vya watoto vilivyoletwa na matangazo ya kupotosha juu ya maziwa hayo vihesabiwe kuwa ni uuaji. Daktari Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere katika miaka ya mwanzo ya 1960, baadaye aliupa msiba huo jina lake: utapiamlo uletwao na biashara. Mwaka 1965 kilifunguliwa katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, kituo cha Mwanamugimu, ambako akina mama walifundishwa kuwaponya watoto wenye utapiamlo kwa vyakula vya nyumbani. Na tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo kwa umma. Nchi 118 zilikubali na moja tu ikakataa.

CHUPA IKIWA HAINA BUDI

Hata hivyo wapo watoto waliofiwa na mama zao, na wapo akina mama ambao kwa sababu za afya hawawezi kunyonyesha. Kwa hao maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa watoto wachanga ni msaada mkubwa, mradi yatumiwe kwa utaratibu. Maziwa ya ng'ombe hayafai kuchukua nafasi yake kabla mtoto hajatimiza mwaka 1, na maziwa mazito ya kopo yenye sukari hayafai kamwe kuwa chakula cha mtoto mchanga.

Kwanza ni usafi. Mwandalizi anawe mikono kwa sabuni. Chupa na chuchu yake zisuguliwe kwa burashi hadi pasibaki utando wa maziwa, kisha zichemshwe kwa dakika 10 zikiwa zimezama majini. Penye shida ya maji au kuni, kikombe kidogo cha wazi ni bora kuliko chupa, kwa kuwa hakina pembe za kuficha uchafu. Mtoto mchanga aweza kunywea kikombe tangu siku zake za kwanza, akipakatwa wima, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wake naye akiyavuta maziwa mwenyewe.

Pili ni maji. Unga wa maziwa, hata kopo likiwa jipya, huweza kuwa na vijidudu. Kwa hiyo maji yachemshwe hadi yatokote, yaachwe yapoe kidogo kwa muda usiozidi nusu saa, ndipo unga utiwe yangali ya moto sana, yaani nyuzi 70 au zaidi. Baada ya hapo chupa ipozwe kwa kuitumbukiza katika maji baridi, na tone moja lijaribiwe kwenye kifundo cha mkono: liwe vuguvugu, lisichome. Maziwa yaliyokaa kwa saa 2 tangu kutengenezwa yamwagwe, na mabaki yaliyoguswa na mdomo wa mtoto yasiwekwe kwa ajili ya mlo ujao.

Tatu ni kipimo, na hapa ndipo maisha ya watoto wengi yamepotea. Karibu na mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha na kopo likikaribia kuisha, mzazi hushawishika kuongeza maji ili unga udumu. Kama kopo lataka kijiko 1 cha usawa kwa mililita 30 za maji, chupa ya mililita 120 yahitaji vijiko 4. Akitia 2, mtoto hushiba maji huku mwili wake ukipata nusu tu ya chakula. Hatalia sana, kwa maana tumbo limejaa, lakini mizani ya zahanati itasema kweli. Kuzidisha unga nako ni hatari, kwani kwaweza kumkausha mtoto maji mwilini na kuzitaabisha figo zake. Mtoto wa chupa huhitaji kiasi cha mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 4 atahitaji mililita 600, ambazo zikigawanywa mara 8 ni mililita 75 kila mara. Familia na ifanye hesabu hiyo mapema, na gharama ya kopo iwekwe kando siku ya mshahara, kabla ya matumizi mengine.

KUMNYWESHA BILA HEWA

Haraka haraka haina baraka, na katika chupa haraka huzaa msokoto. Maziwa yakorogwe taratibu, na povu liachwe litulie. Mtoto apakatwe kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, na chupa iinamishwe hata chuchu ijae maziwa tupu. Tundu la chuchu likiwa jembamba mno, mtoto hunyonya hewa. Likiwa pana mno, hupaliwa. Chupa ikipinduliwa, maziwa yadondoke tone baada ya tone, yasitiririke. Chupa isiegemezwe kwenye mto na mtoto kuachwa peke yake. Katikati ya mlo na mwisho wake, ainuliwe begani na kupigwapigwa mgongoni polepole hadi acheue.

KUUTULIZA MSOKOTO

Msokoto ukishaanza, dawa yake kubwa ni mikono ya mzazi. Mtoto afungwe mgongoni kwa khanga au kitenge na kutembezwa. Akandwe tumbo taratibu kwa kiganja chenye joto, kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Achezeshwe miguu kama aendeshaye baiskeli. Au aogeshwe kwa maji ya vuguvugu. Aweza pia kulazwa kifudifudi juu ya mkono wa baba akiwa macho, bali akilala usingizi alazwe chali.

Wakati huo majirani huja na shauri za kila namna: maji ya sukari, majani yaliyochemshwa, asali. Wanasema kwa mapenzi, lakini vitu hivyo havimfai mtoto wa umri huo. Asali isionjwe kabla ya mwaka 1, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli. Ile dawa ya maji iitwayo Gripe Water, iliyoanzishwa na William Woodward huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, kwa miaka mingi ilikuwa na kileo ndani yake. Si ajabu watoto walinyamaza. Siku hizi kileo kimeondolewa, lakini haijathibitishwa kwamba dawa hiyo huponya msokoto.

DALILI ZA HATARI

Mficha maradhi kilio humfichua. Si kila kilio ni msokoto. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayetapika majimaji ya kijani, mwenye damu katika choo, tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliotuna au uliobonyea, degedege, au anayekataa kunyonya na kulegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

WAJIBU WA BABA

Mwisho, ulezi si kazi ya mama pekee. Askari aliyezoea kupokezana zamu kazini aelewa vema kwamba mlinzi mmoja hawezi kukesha kila usiku. Na iwe hivyo nyumbani pia: baba achemshe chupa, apokee mtoto jioni, mama apate saa 2 za kulala. Aonapo hasira inampanda kwa sababu ya kilio, yeyote kati yao amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache, avute pumzi, kisha arudi. Kumtikisa mtoto mchanga kwa ghadhabu, hata kwa nukta chache, kwaweza kuvujisha damu katika ubongo wake na kumpofusha au kumwua. Msokoto hupita baada ya miezi michache. Dhara hilo halipiti.