Insha ya Kijijini Imetudanganya Kuhusu Wazee

Kila muhula, mwanafunzi wangu, nasahihisha insha ile ile: "Maisha ya mjini na maisha ya kijijini". Aya ya tatu huijua kabla sijaisoma. Mzee wa mjini, waandika, amefungiwa nyuma ya geti na hana wa kumsemesha. Mzee wa kijijini ameketi chini ya mwembe, wajukuu wamemzunguka, hana wasiwasi wowote. Kisha waifunga aya kwa methali, "Penye wazee haliharibiki neno", nami nakupa alama. Leo nakiri kwamba alama hizo nilizitoa kimakosa. Sentensi zako zilikuwa fasaha, lakini hazikuwa za kweli.

Neno tunalolikwepa katika insha hiyo ni kujiua. Twadhani ni janga la vijana na la mijini. Hebu tuitazame nchi ambako tofauti ya kijiji na mji imehesabiwa kwa mapana. Mwaka 2002 Michael Phillips na wenzake wa Beijing walichapisha katika jarida la Lancet hesabu ya waliojiua nchini Uchina kati ya mwaka 1995 na 1999. Walikuwa watu 23 katika kila 100,000 kwa mwaka, na kiwango cha vijijini kilikuwa mara tatu ya kile cha mijini. Tofauti hiyo ilionekana kwa wanaume na kwa wanawake, na katika kila rika. Baadaye vifo hivyo vilipungua sana, hususan miongoni mwa wanawake vijana, lakini wazee wa vijijini wakasalia na viwango vya juu.

Najua utakalonijibu: "Mwalimu, hao ni Wachina, sisi Waafrika tunawaheshimu wazee wetu." Lakini kumheshimu mzazi ndiko kulikokuwa msingi wa malezi ya Wachina tangu zama za Confucius, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Heshima ilikuwepo. Kilichokosekana ni vitu visivyopendeza kuandikwa katika insha. Vijana walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya Guangdong na kwingineko, wakawaachia wazazi mashamba na wajukuu. Mfanyakazi wa serikali mjini alistaafu na pensheni. Mkulima alizeeka na jembe lake. Mpango wa pensheni ya wakulima ulipoanza mwaka 2009, kiwango cha msingi kilikuwa yuani 55 kwa mwezi. Mzee aliyeugua alijua kwamba matibabu yake yangekula karo ya mjukuu, na mawazo ya namna hiyo humfanya mtu mwenye upendo ajione mzigo.

Tena kuna jambo ambalo mji hauna: sumu ya shambani. Saa ya kukata tamaa mara nyingi hupita, iwapo mtu hapati karibu naye kitu cha kumdhuru. Katika nyumba ya mkulima, viuatilifu huwekwa hapo hapo anapolala, na hospitali iko mbali. Sri Lanka ililitambua hilo. Ilipopiga marufuku viuatilifu vilivyo hatari zaidi, kimoja baada ya kingine, kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Hawakuhubiri maadili wala hawakuwalaumu watoto. Waliondoa sumu madukani.

Sasa turudi Uganda. Malengo ya Taifa katika Katiba ya mwaka 1995 yanaitaka Serikali iweke utaratibu wa kufaa wa kuwatunza wazee. Mpango wa SAGE ulipoanza kwa majaribio, ulimpokea mzee wa miaka 65, na Karamoja hata wa miaka 60. Ulipopanuliwa nchi nzima, mlango ukasogezwa hadi miaka 80, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, katika nchi ambayo wastani wa umri wa kuishi haufiki 70. Hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, Butabika, iko Kampala. Na Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa wakoloni inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, ndiyo maana jamaa humficha badala ya kumpeleka kwa daktari. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba mnamo Januari 2025. Sisi twangoja nini?

Hapa ndipo aya yako ya tatu inapoleta madhara. Kila anayeamini kwamba ukoo unamtosha mzee wa kijijini amepata sababu ya kutompangia bajeti. Mwembe hauombi fedha, wala wajukuu wa katika insha hawaendi Kampala kutafuta kazi. (Wa kweli huenda, wengi wenu mnajiandaa kwenda.) Sisemi kwamba mji ni pepo ya wazee. Mjini kuna kodi ya nyumba na upweke wake. Nasema kwamba tumemsifu mzee wa kijijini mpaka tukasahau kumuuliza hali.

Basi muulize. Bibi akisema, "Nimewachosha", au babu akianza kugawa vitu vyake pasipo sababu, usicheke wala usimkemee kwa kunena mabaya. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Aghalabu humpa nafasi ya kusema. Kaa naye, mwite mtu mzima unayemwamini, mfikisheni kituo cha afya, na sumu ya shambani ifungiwe mbali. Na kama anayejisikia hivyo ni wewe, njoo kwangu au kwa mwalimu mwingine yeyote, leo hii.

Insha ya muhula huu ina kichwa kile kile. Kabla ya kuandika aya ya tatu, mtembelee mzee mmoja, umuulize nani humnunulia dawa, na mara ya mwisho alizungumza na nani. Nazipokea Ijumaa.