Jitu Lipendalo Msitu: Tulichague au Tuliache?

Kila Ijumaa baada ya saa ya michezo, kabla sisi wanafunzi wa kutwa hatujaanza safari ya nyumbani, huwa kuna kelele katika darasa la kidato cha tatu. Walimu wawili watatu wamewahi kuchungulia dirishani wakidhani kuna vita. Hapana. Ni wanachama wa chama hiki hiki cha Kiswahili tunacheza Dungeons & Dragons, na mlezi wetu ameturuhusu kwa sharti moja tu: atakayetamka sentensi ya Kiingereza, mhusika wake anapoteza zamu. Mwaka huu kelele kubwa kuliko zote niliisababisha mimi. Nimeomba ukurasa huu nijieleze, na pia nizungumze na wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili ambao wameanza kuulizia majitu.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1974. Hauna ubao ambao ni lazima, wala hauna mshindi. Mmoja wetu huwa msimulizi, anaeleza mahali tulipo na kitu kinachotukabili. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake, na sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi: Nguvu, Wepesi, Hekima, Mvuto na kadhalika. Ukitaka kufanya jambo ambalo huenda likashindikana, unarusha dadu yenye pande 20. Sisi dadu hiyo hatuna. Tuna kopo la mafuta ya kupikia ambalo ndani yake kuna vikaratasi vilivyoandikwa 1 hadi 20. Unatia mkono, unatoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Kopo hilo, jamani, limetutenda mengi.

Kabla ya kuanza, unachagua mhusika wako awe wa jamii gani. Kuna wanadamu, kuna elfi, kuna mbilikimo, na kuna majitu. Katika kitabu cha mwaka 2016 kiitwacho Volo's Guide to Monsters, ambacho binamu ya mwenzetu alituazima, majitu ya kuchezwa ni ya aina mbili. Goliathi anaishi vileleni mwa milima. Anapenda mashindano, anahesabu kila alichoshinda, na kwao mtu aliyeumia asiyeweza tena kwenda na wenzake huenda akatoka usiku na kupotelea mbali. Firbolgi naye ni mlinzi wa msitu. Kwa kimo wanakaribiana, futi 7 hadi 8, na wote wawili wanabeba mizigo kama viumbe wakubwa kuliko wao. (Lakini kwa kanuni bado wanahesabiwa kuwa wa kimo cha kati, kwa hivyo usitarajie kuziba njia nzima peke yako. Mimi nilijaribu.)

Mimi nilichagua firbolgi. Maoni yangu ni kwamba ni chaguo jema kuliko yote kitabuni, lakini wengi wanaolitaka wanalitaka kwa sababu isiyofaa, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tatizo linaanzia kwenye hadithi tulizolelewa nazo. Kwetu sisi mtu mkubwa wa msituni ni zimwi. Zimwi linakula watoto, na hata likiwa rafiki halikosi kukuonja kidogo, ndiyo maana wahenga wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Fumo Liyongo, ambaye masimulizi humpa kimo cha jitu, aliishi msituni, lakini alikuwa akijificha maadui. Basi mwanafunzi akisikia "jitu la msituni", moja kwa moja anawaza rungu. Anachukua firbolgi, anampa shoka, na kufikia zamu ya pili ameshavunja mlango ambao haukuwa umefungwa. Huyo si firbolgi. Huyo ni Goliathi aliyevaa majani.

Someni kitabu chenyewe muone. Firbolgi huchukua msituni kile tu ambacho msitu unaweza kutoa bila kuumia. Wakati wa neema huweka akiba ya matunda na njugu, na baridi kali ikija huzitawanya ili wanyama wavuke hadi majira mema. Wakija wakata miti, hawaanzi kwa kupiga. Kwanza huwachosha kwa hila: wanageuza mkondo wa kijito kwa muda, wanafukuza mawindo, wanaiba msumeno, wanaharibu njia ili wageni wapotee. Wakiona wageni si watu wabaya, huwaomba kwa upole waondoke, hata kuwapa chakula cha safari. Nguvu hutumika mwisho, kwa watu waovu, na hapo huja wote kwa pamoja. Hata majina hawana. Hutumia ya kielfi wakikutana na wageni, au hukubali lakabu yoyote wanayopewa. Wangu alipewa lakabu siku ya kwanza na wenzangu wenye midomo: Bwana Misitu.

Kuna mwenzetu mmoja aliyesema eti haya ya kulinda msitu ni mawazo ya Wazungu, na kwamba mimi najifanya. Ni kweli jina limetoka mbali. Katika masimulizi ya kale ya Ireland, Fir Bolg walikuwa watu waliotumwa utumwani Ugiriki kubeba udongo kwa mifuko na kuumwaga juu ya mawe ili pawe shamba. Hawakuwa majitu wala walinzi wa miti, hayo yameongezwa na watunga mchezo. Lakini wazo la wazee kuulinda msitu halihitaji kupanda ndege. Kaya za Wamijikenda huko pwani, zilizoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni misitu iliyobaki imesimama kwa kuwa wazee walikataza watu kukata hovyo. Mimi Bwana Misitu wangu nilimchora na fimbo na kitambaa begani kama mzee wa kaya. Picha si nzuri sana lakini ipo, atakaye aje aione.

Sasa nije kwenye kelele.

Firbolgi ana vipaji kadha vya kuzaliwa. Anaweza kutoweka machoni kwa muda mfupi, anaweza kugeuza sura yake ili watu wasimwogope. Na ana kipaji kingine ambacho ndicho kilichonivutia: wanyama na mimea huelewa maneno yake. Akitaka kuwashawishi, anatoa vikaratasi viwili badala ya kimoja na kuchukua kilicho kikubwa. Nilifurahi sana nilipokisoma. Lakini kitabu kinaongeza sentensi moja ambayo niliipita mbio kama mtu apitaye mlango wa staff room. Kinasema wanyama na mimea wanakuelewa wewe, lakini kipaji hiki hakikupi wewe uwezo wa kuwaelewa wao.

Muhula wa pili tulikuwa wanne: Goliathi mwenye shoka, elfi mwenye upinde, mwanadamu mwizi, na mimi, niliyemfanya Bwana Misitu kuwa druidi, yaani mganga anayepata uwezo wake kutoka kwa msitu. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeshapigana mara moja, na uganga wangu wote nilikuwa nimeutumia kutibu majeraha. Tukafika kwenye mto. Kivukoni alikuwa amesimama dubu jike. Elfi akataka kupiga mshale kutoka mbali. Nikasimama, kweli nikasimama juu ya benchi, nikasema hakuna anayemwua mnyama hapa wakati mimi nipo, niachieni mimi.

Nikamhutubia yule dubu. Nilimweleza kwamba sisi ni wapita njia, kwamba msitu ni wetu sote, nikatia na methali mbili. Ilikuwa hotuba nzuri, hata mlezi aliyekuwa akisahihisha madaftari alicheka. Lengo lilikuwa 15. Nikatoa 4, kisha 9, na Bwana Misitu hana Mvuto wa kujivunia. Dubu akaruka. Goliathi, ambaye kwa kuniamini alikuwa ameshusha shoka lake, ndiye aliyekuwa mbele.

Mhusika akiishiwa na uhai huanguka, kisha kila zamu yake inapofika mwenyewe hutoa kikaratasi. 10 na zaidi ni heri, chini ya 10 ni shari, na shari tatu ni buriani. Goliathi alitoa 7. Sikuwa na uganga wa kumwinua. Zamu yake ya pili akatoa 1, nayo 1 huhesabiwa shari mbili. Darasa zima likanyamaza, halafu zikaanza kelele.

Mwenye Goliathi huyo alikuwa amemcheza tangu tukiwa kidato cha pili. Ndiye rafiki ninayerudi naye nyumbani, kama kilomita nne kwa miguu. Wiki mbili nilizitembea peke yangu.

Wengi waliamua kwamba kosa langu lilikuwa kuchagua jitu lipendalo wanyama, kwamba mhusika kama huyo huwafunga wenzake mikono na hatimaye huwaua. Hoja hiyo nimeifikiria sana njiani, maana muda nilikuwa nao. Siikubali. Nilipotulia nilikumbuka kwamba msimulizi alituambia mara tatu, mara tatu nzima, kwamba dubu anageuza kichwa kuutazama mti mmoja ng'ambo ya mto. Mtini mlikuwa na mtoto wake. Kumbe kivuko cha pili kilikuwepo chini kidogo, tungepita huko na asingetufuata hata hatua moja. Mwizi wetu alisikia akataka kusema, mimi nikamkatiza ili nimalize methali yangu. Tena druidi ana uganga wa kuzungumza na wanyama ambao, tofauti na kipaji cha kuzaliwa, humwezesha kusikia majibu yao kwa dakika 10. Asubuhi wakati wa kuandaa uganga wa siku hiyo niliuacha makusudi. Nilisema wa nini, na mimi ni firbolgi?

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mdogo wangu anayetaka jitu hili ni huu. Usilitake kwa ajili ya nguvu. Zamani firbolgi alipewa nyongeza ya 2 kwenye Hekima na 1 kwenye Nguvu, lakini kanuni zilizotoka mwaka 2022 zinakuruhusu kuweka nyongeza zako popote, basi hesabu hiyo si sababu tena. Na kama ni nguvu tu, Goliathi yupo hata katika kitabu kikuu cha mwaka 2024, ambamo firbolgi hayumo kabisa. Litake kama unaweza kukaa kimya mezani na kusikiliza msimulizi anasema nini kuhusu majani, nyayo na masikio ya mnyama, kwa sababu jitu lako linasema lakini halijibiwi, na macho ndiyo masikio yake. Pia waulize wenzako kabla ya kuanza kama wako tayari kwenda na mtu atakayewachelewesha. Mimi sikuwauliza. Niliwatangazia tu.

Kama wewe ni wa kusema sana, samahani, chukua mwanadamu.

Rafiki yangu amerudi mezani na mbilikimo mwenye nyundo, na njiani tunatembea wawili tena. Hajasema amenisamehe na mimi sijamwuliza. Lakini kila Ijumaa, kabla kopo halijafunguliwa, ananitazama kwanza na kuuliza, "Bwana Misitu, leo umeandaa ule wa kusikia?"