Programu ilianzia kwenye nyaya
Historia ya kompyuta hupenda kuwataja waliounda mashine na kuwasahau walioifanya ihesabu. Kompyuta ya ENIAC ilipooneshwa hadharani mjini Philadelphia Februari 1946, ikiwa na mirija ya vioo ipatayo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, sifa ziliwaendea walioiunda, John Mauchly na Presper Eckert. Ni haki yao. Lakini hesabu ya njia ya kombora iliyowaacha wageni vinywa wazi, iliyokamilika upesi kuliko kombora lenyewe lingeruka hadi kutua, iliandaliwa na Jean Jennings na Betty Snyder, wawili kati ya wanawake sita waliojifunza mashine hiyo kwa kusoma michoro yake, bila kitabu cha maelekezo. Wapo wanaosema walichomeka nyaya tu (kazi ya mikono!). Hoja hiyo haina mashiko: kujua waya upi uende wapi, swichi ipi igeuzwe na hatua ipi itangulie, ndiyo programu yenyewe. Snyder baadaye alishiriki kuandaa COBOL, lugha ya programu iliyobeba mahesabu ya mabenki kwa miongo mingi. Usiku wa maonyesho yale kulikuwa na karamu. Hao sita hawakualikwa.